Acheni Kusema "Tujitolee", Semeni Kazi Gani

Ndugu mkulima, hebu kumbuka mara ya mwisho chama chako cha msingi kilipokuita ujitolee. Kilikuitia nini? Kwa vyama vingi ninavyovijua, jibu ni kufyeka majani kuzunguka ghala, kubeba matofali, au kuja kumpokea mgeni. Ni kazi nzuri, sizidharau. Lakini hakuna hata moja inayoongeza shilingi kwenye kilo ya ufuta wako, wala inayofanya malipo yako yafike mapema.

Maoni yangu ni kwamba tunazo nguvu za kujitolea vijijini, ila tunazimalizia mahali pasipouma. Panapouma ni sokoni. Halafu mwenyekiti anasimama mkutano mkuu anasema "ndugu wanachama, tujitolee kwa ajili ya chama chetu," watu wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani, na kesho yake haji mtu. Hawajakataa. Hawajaambiwa ni kazi gani, ya siku ngapi, na nauli atalipa nani.

Nizungumzie huku kusini, Lindi, Mtwara na Ruvuma, ambako ufuta, mbaazi na korosho vinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Njia ya mzigo unaijua. Unapeleka AMCOS, unapimwa, unapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu, unaingia mnadani, mnunuzi analipa, fedha zinapita benki mpaka kwenye akaunti yako. Ni njia ndefu. Na pembeni ya njia hiyo amekaa mtu wa kangomba, ana fedha mkononi, leo hii, mlangoni kwako.

Tumezoea kusema watu wanauza kangomba kwa sababu hawana elimu. Si kweli. Mama anayemuuzia mtu wa kangomba anajua kabisa kwamba mnadani angepata zaidi. Lakini mtoto anatakiwa shuleni na sare Jumatatu, na msimu uliopita alisubiri malipo ya chama mpaka akachoka. Kangomba hamshindi chama kwa bei, anamshinda kwa siku. Kwa hiyo kama chama kina watu ishirini wa kujitolea, waende kwenye kazi zinazopunguza siku za kusubiri na zinazopandisha ubora wa mzigo. Majani yafyekwe baadaye.

Tuanze na siku. Tarehe ya mnada haiko mikononi mwa chama chako. Siku ambayo mnunuzi analipa nayo haiko mikononi mwenu. Lakini kuna siku nyingi zinazopotea ndani ya kijiji chenu wenyewe, na kubwa kuliko zote ni kwenye orodha ya akaunti za benki. Kila msimu ni yale yale. Kwenye rejista ya chama mwanachama ana majina mawili, benki ana matatu. Namba imekosewa tarakimu moja. Akaunti imelala kwa sababu tangu fedha za msimu uliopita zitolewe haijaguswa tena. Mwingine anatumia akaunti ya mtoto wake aliyehamia mjini. Mwingine alishafariki na warithi hawajasema kitu. Orodha ikipelekwa hivyo, fedha za watu hao zinarudi, na wao wanaanza safari za kwenda ofisi ya chama na tawi la benki huku jirani zao wameshanunua bati. Msimu unaofuata, mtu wa kwanza kumkimbilia kangomba ni yule aliyerudishiwa malipo.

Kazi hii haihitaji meneja. Inahitaji vijana wawili wa kila kitongoji waliomaliza kidato cha nne, wanaosoma vizuri na kuandika vizuri. Wapewe nakala ya rejista ya kitongoji chao, wapite nyumba kwa nyumba wiki kadhaa kabla ya msimu, walinganishe majina na namba za akaunti na kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA, mwanachama aweke sahihi au dole gumba. Kitongoji cha nyumba sitini kinakwisha jioni tatu au nne. Mwenye akaunti iliyolala anaambiwa mapema aende benki aifufue. Jambo moja tu la kulishika sana: kijana haulizi namba ya siri, na ukiulizwa na yeyote usiitaje, hata akiwa mpwa wako. Na nakala za rejista zinarudi ofisini kazi ikiisha, haziachwi kuzagaa mitaani.

Sasa ubora. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya viongozi hawalipendi. Wanaojua ubora wa ufuta kijijini ni wanawake. Wao ndio wanaoukung'uta, ndio wanaopepeta, ndio wanaojua kwa kuushika mkononi kama umekauka au bado. Lakini ukienda kwenye kamati ya mapokezi unakuta wanaume watupu, na akina mama wamepewa kazi ya kupika chai ya mkutano. Mtu anayejua bidhaa mmemweka jikoni, kisha mnashangaa mzigo unakataliwa ghala kuu.

Ufuta unaharibika sana siku ya kukung'uta. Ukikung'utia chini, mchanga unaingia, na mchanga mwembamba ukishachanganyika na ufuta kuutoa ni shughuli. Ukikung'utia juu ya turubai, tatizo hilo limekwisha. Ni jambo la turubai moja, ambalo watu watano wanaweza kuazimana kwa zamu. Tufanye mfano wa hesabu. Chama kimekusanya tani 10 na ndani yake kuna uchafu wa asilimia 3. Hizo ni kilo 300. Ikiwa bei ni shilingi 3,000 kwa kilo, hapo ni shilingi 900,000 za mchanga na mabua. Zitakatwa kwenye uzito baada ya kuchekecha, au mnunuzi atazikata kwa kuandika bei ya chini kwa mzigo wote. Ubaya wa hii njia ya pili ni kwamba anaumia hata yule aliyepepeta vizuri, kwa sababu mzigo wake umechanganywa na wa jirani yake.

Ndiyo maana nashauri kila kitongoji kiwe na akina mama wawili au watatu wa kuangalia ubora. Si polisi. Wapite wakati wa kukung'uta, waone kama kuna turubai, wawe na chekeche la chama linalozunguka, na mzigo usipokuwa safi wamwambie mwenyewe akiwa bado nyumbani, kabla hajalipa boda boda kuupeleka kwenye mizani. Kurudishwa ofisini mbele za watu kunamuudhi mtu, na aliyeudhika anajua kangomba anapoishi. Kwa korosho kazi ni ile ile: kuanika vizuri, kutenga nzuri na mbovu, kutotumia mifuko ya plastiki.

Kwenye mizani weka mashahidi. Kila siku ya mapokezi wanachama wawili, kwa zamu, wakae na karani. Asubuhi waangalie mizani ina stika ya Wakala wa Vipimo ambayo haijapitwa na muda, na kwamba ikiwa tupu inasoma sifuri. Kisha waandike kwenye daftari lao kila uzito unaopimwa. Jioni walinganishe jumla yao na ya karani, wote wasaini. Karani mwaminifu atafurahi, maana mzigo ukifika ghala kuu ukapungua, ana watu wa kumtetea. Karani atakayekasirika kwa kuletewa mashahidi, hilo nalo ni taarifa kwa bodi.

Taarifa za soko sitazieleza sana. Mtu mmoja mwenye simu anatosha: kila baada ya mnada aandike kwenye ubao wa matangazo bei ya juu, bei ya chini, makato yote kwa kilo, na tarehe ya mnada ujao. Lakini asikilize pia ya mbali. Wakulima wa mbaazi wanakumbuka mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi za kuingia nchini mwake mwezi Agosti na bei huku kwetu ikaporomoka watu wakiwa wameshavuna. Mtu mmoja kijijini asingeizuia India. Ila mkulima anayejua kwamba mnunuzi wake mkubwa ni mmoja tu, anapanga shamba lake tofauti na asiyejua.

Sasa namna ya kuwaita watu. Usimwite mtu "ajitolee". Mwite kwa jina, mwambie kazi, mwambie inaanza lini na inaisha lini, na atampa nani taarifa. "Zuhura, tunaomba wewe na wenzako wawili muangalie ubora kitongoji cha juu, wiki tatu za kukung'uta, taarifa kwa meneja kila Ijumaa." Mtu akisikia wiki tatu anakubali. Akisikia "kwa maendeleo ya chama" anajua hiyo haina mwisho.

Halafu fedha. Kuna viongozi wanaodhani kujitolea maana yake mtu atumie nauli yake, vocha yake na chakula chake. Huko si kujitolea, ni kumtoza mwanachama ushuru wa pili. Mimi siungi mkono posho za vikao kwa kazi hizi, kwa sababu posho ikiingia, ndugu wa viongozi ndio watakaojitolea. Lakini nauli na vocha zirudishwe kwa kiwango kinachojulikana, kiandikwe kwenye makisio ya mapato na matumizi, mkutano mkuu uyapitishe, na aliyelipwa asaini. Na kazi ya kila siku msimu mzima si ya kujitolea. Mlinzi wa ghala ni mwajiriwa. Wabebaji wa magunia walipwe kwa gunia. Fedha taslimu za chama asizishike mtu wa kujitolea hata kwa dakika moja, kwa usalama wake na wa chama.

Nitaje na kikwazo ambacho hakisemwi mikutanoni. Baadhi ya wenyeviti hawataki watu wa kujitolea kwa sababu wanajua anayefanya kazi leo atajulikana, na anayejulikana atagombea uchaguzi ujao. Ni kweli, atagombea. Mimi sioni tatizo. Bora mjumbe wa bodi aliyewahi kukaa kwenye mizani kuliko aliyechaguliwa kwa sababu ana pikipiki.

Wazee nao wana sababu yao ya kukaa pembeni, na tuisikilize. Vyama vyetu havikuanza juu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianza kujikusanya mwaka 1925, na KNCU ikasajiliwa mwaka 1933. Lakini mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Mzee aliyeona chama alichokichangia kikiondolewa siku moja, ukimwambia leo "chama ni chako" anakutazama tu. Huyo usimhubirie. Mpe daftari la mizani siku moja, aone mwenyewe jinsi kilo zinavyoandikwa.

Na wewe mfanyabiashara wa kijijini unayesoma hapa, najua wengi wenu ni wanachama pia. Mna ujuzi ambao chama hakina: mnajua wanunuzi wanataka nini, gari la mzigo linapatikana wapi kwa bei gani, na lini barabara inakatika. Ujuzi huo unahitajika, hasa kupanga usafiri ili magunia ya vitongoji viwili yapande gari moja. Ila ukinunua mazao, usikae kwenye mizani ya chama wala kwenye kamati ya ubora. Hata ukiwa mwaminifu kiasi gani, watu watasema, na wakisema watu wataacha kuleta mzigo. Kaa kwenye usafiri na taarifa za soko, hapo hakuna atakayekunyooshea kidole.

Msimu wa ufuta ukianza Mei, Machi si mapema. Ombeni ajenda moja kwenye mkutano ujao wa chama: majina ya watu wa kila kitongoji kwa kazi tatu, yaani akaunti, ubora na mizani. Yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na tarehe za kuanza na kumaliza, na nakala ibandikwe ubaoni. Mkiwa na watu sita tu, waanzeni na akaunti. Fomu ya kuhakiki akaunti ni karatasi moja yenye safu tano: jina la rejista, jina la benki, namba ya akaunti, hali ya akaunti, sahihi. Afisa ushirika wa wilaya au afisa ugani wa kata yako anaweza kukusaidia kuichora, na kama hayupo, rula na kalamu vinatosha.