Taa kwanza, gia baadaye!

Huku Dodoma upepo ni uleule, vumbi ni lilelile, na bumu bado halijaingia. Leo sina stori za lekcha wala za sapu. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa baiskeli.

Kuna hoja inazunguka mabwenini tangu wiki iliyopita. Inasema hivi: tukubaliane wenyewe kwa wenyewe kwamba baiskeli zisitumike baada ya saa moja usiku, kwa sababu ni hatari. Hoja imeanza baada ya jamaa yetu mmoja wa mwaka wa pili kugongana na bodaboda kwenye njia ya vumbi nyuma ya mabweni. Mtulinga umevunjika, yuko nyumbani kwao, na wenzake wameanza mazoezi ya kufundisha bila yeye. Pole sana mshikaji, tunakuombea upone haraka.

Ila kuna jambo ambalo katika maneno yote yaliyosemwa kwenye vimbweta hakuna aliyeligusa, basi naligusa mimi. Baiskeli ile ilikuwa na gia 21. Na haikuwa na taa hata moja. Gia ishirini na moja, taa sifuri! Halafu tunaambiwa tatizo ni usiku?

Msimamo wangu nauweka wazi ili anayetaka kunipinga ajue pa kunishika. Usiku sio adui, adui ni giza. Na mwanafunzi mwenye hela ya mawazo anunue taa kwanza, gia baadaye. Ikibidi, gia asinunue kabisa.

Nianze na gia, maana najua hapo ndipo mtakaponirukia. Hapa chuoni baiskeli ya gia moja inaitwa ya mzee wa maziwa. Mimi na washikaji zangu watatu tunapanda vilima kila Alhamisi usiku kwa baiskeli za gia moja, na kila tukipita tunasikia vicheko: "Hao na foniksi zao!" Mabishoo wenyewe wana baiskeli za mtumba zenye gia kibao, nusu ya gia haziingii, na ule mkono wa gia wa nyuma unaoning'inia karibu na ardhi umejaa mchanga mpaka unalia kama mlango wa jela.

Jamani, hebu tuulizane historia. Mchezo wa kushuka milima kwa baiskeli ulishika moto wapi? California, kule Marin. Tarehe 21 Oktoba 1976, vijana wa karibu na mji wa Fairfax walifanya shindano la kwanza kwenye njia ya vumbi waliyoiita Repack, inayoteremka kama mita 400 ndani ya kilomita zisizofika 3.5. Kwenye mashindano ya Repack walikuja kushiriki kina Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze, ambao baadaye ndio walioufanya mchezo huu ujulikane duniani. Unajua walianza na nini? Baiskeli kuukuu za miaka ya 1930 na 1940, nzito, matairi manene, nyingi zikiwa na gia moja na breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume! Breki ile ilipata moto mpaka grisi ya kwenye habu ikaungua moshi, na kila baada ya kushuka walilazimika kufungua habu na kupaka grisi upya. Jina la Repack lilitoka hapo. Kwa hiyo anayeniambia baiskeli ya gia moja sio ya mlimani, akawaambie waanzilishi.

Na wale wa mbio za barabarani? Tour de France ilianza mwaka 1903. Washindani wakubwa hawakuruhusiwa gia za kubadilishia njiani mpaka mwaka 1937. Kabla ya hapo mtu alishuka, akageuza tairi la nyuma lenye meno tofauti kila upande, akapanda tena. Wakati huo mbio zilikuwa zimeshapita mlima Tourmalet tangu mwaka 1910. Sasa wewe na kilima cha kwenda maktaba unataka gia 21?

Sisemi gia ni mbaya. Mwenye hela na fundi mzuri afunge. Nasema gia sio mahali pa kuweka shilingi ya kwanza. Kwanza zile 21 sio 21. Ni tatu mbele mara saba nyuma, na ukikokotoa uwiano utakuta nyingi zinarudiarudia. Pili, mchanga wa huku hauna huruma. Baiskeli ya gia moja ina cheni, meno ya mbele, friwili, basi. Kikiharibika kitu, fundi yeyote chini ya mwembe anakirekebisha.

Yangu ina meno 32 mbele na 16 nyuma. Hesabu ya darasa la tano: pedali ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara mbili. Tairi la inchi 26 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2. Kila mzunguko wa mguu mita 4 hivi. Kwenye tambarare unakwenda bila haraka, kwenye kilima unasimama juu ya pedali, unavuta usukani, unapanda. Kilima kikikushinda unashuka unasukuma. Kusukuma baiskeli sio dhambi, hata mitume walitembea kwa miguu.

Na usiku gia moja ina raha yake. Cheni haigongigongi, iko kimya. Unasikia bodaboda ikiwa bado mbali, unasikia mbwa, unasikia upepo kwenye mibuyu. Akili yako haiko kwenye kubofya gia, iko njiani. Na usiku ndiko akili inakotakiwa kuwa.

Haya, sasa taa. Hapa naomba mkae vizuri.

Wengi tunaendesha na tochi ya simu. Mmoja anaishika mkononi, mwingine anaing'ata mdomoni kama mbwa na mfupa. Mimi nasomea kufundisha Fizikia na Hisabati, niacheni nitumie ada yangu kidogo. Ukienda kilomita 20 kwa saa, unapita mita 5 na nusu kila sekunde. Ukiona shimo, mpaka ubongo ushtuke na vidole vikamate breki imepita kama sekunde 1. Tayari mita 5 na nusu. Kwenye changarawe unahitaji nyingine 5 au zaidi mpaka usimame. Jumla zaidi ya mita 10. Tochi ya simu inakuonyesha shimo ukiwa mita 3 au 4. Maana yake shimo unaliona baada ya kuwa limeshakuwa lako.

Halafu kuna upande wa pili, ambao ndio unaoua zaidi. Taa sio ya kuona tu, ni ya kuonekana. Bodaboda ikija kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja na nusu tu, amekwenda mita 25 kabla hajagusa breki. Wewe uko mbele yake na shati jeusi, baiskeli nyeusi, usiku mweusi. Unategemea nini? Maombi ya mama?

Msiniambie una rifleta. Rifleta ni nzuri, iwekeni, lakini haina mwanga wake. Inarudisha ule iliopewa tu. Bodaboda yenye taa mbovu haiipi kitu, nayo haitarudisha kitu. Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1968 unataka baiskeli iwe na rifleta nyekundu nyuma, na juu ya hapo iwe na uwezo wa kutoa mwanga mweupe au wa njano mbele na mwekundu nyuma. Vitu vyote viwili. Na kengele pia wameitaja, enyi mnaopiga miluzi!

Babu zetu walikuwa na dinamo inayosugua tairi, volti 6, wati 3 kwa taa zote mbili. Ukisimama, taa inazima, na ukipanda kilima taratibu inafifia, yaani inakukimbia pale unapoihitaji. Sisi tuna LED, hatuna kisingizio. Mwaka 2014 Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kutengeneza LED ya buluu, ile iliyofungua njia ya kupata LED za mwanga mweupe. Watu wamepewa Nobel ili wewe uone shimo, na wewe unang'ata simu!

Mkienda kununua, fungueni macho. Taa nyingi zinatumia betri za duara zinazoitwa 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65. Nzuri ya ukweli inabeba kama mAh 3000 na kidogo. Ukiona imeandikwa 9900, jua huo ni uongo mtupu, hicho ni kimeo. Mimi ya mbele nilinunua elfu kumi na tano, nyekundu ya nyuma elfu tano. Jumla elfu ishirini. Pigeni hesabu ya chipsi mayai mnazokula wiki bumu likitoka, halafu mje mniambie hamna hela.

Ya mbele ifungeni kwenye usukani. Mwanga ukitokea chini, kila jiwe na kila shimo linatoa kivuli kirefu, unaliona mapema. Ukivaa tochi ya kichwani peke yake, vivuli vinajificha nyuma ya vitu na njia inaonekana tambarare kama meza, kumbe ina makorongo. Ukiwa na zote mbili ndio mambo yenyewe: ya usukani inasoma njia, ya kichwani inaangalia kona unakotaka kwenda. Ila ukikutana na mtu, inamisha kichwa. Usimpofushe mwenzio.

Wanaosema hakuna mtu mwenye akili anayepanda mlima usiku, nawapa mfano mmoja. Marekani, West Virginia, kulikuwa na mbio za msituni za saa 24, za kupokezana kwa timu, usiku kucha na taa. Mwaka 1996 jamaa anaitwa John Stamstad alitaka kukimbia peke yake. Alijaza fomu ya timu kwa kuandika jina lake kwa namna nne tofauti, akaendesha saa zote 24 mwenyewe. Giza lilikuwepo kule pia. Walilijibu kwa taa.

Turudi kwenye marufuku yenu. Hapa Dodoma saa moja na nusu usiku giza ni totoro, Januari mpaka Desemba. Discussion zetu zinaisha saa ngapi? Saa tatu, saa nne. Sasa baiskeli zikikaa ndani, watu watarudije? Wenye hela watapanda bodaboda, hizohizo zisizo na taa, watatu kwenye kiti kimoja. Wasio na hela watatembea. Kutoka vimbweta vya mbali mpaka bwenini ni kama kilomita 3. Kwa miguu ni zaidi ya nusu saa gizani. Kwa baiskeli ya mwendo wa kawaida ni dakika 12. Nani hasa mnamlinda?

Dada zetu wawili kwenye grupu letu la Hisabati walikuwa wanaondoka saa kumi na mbili jioni, kabla hatujafika hata swali la tatu, kwa kuogopa ile njia. Walipopata baiskeli moja ya kupakizana na taa mbili, sasa wanabaki mpaka mwisho, na tunaongozana nao wote. Nendeni mkawaambie hao kwamba baiskeli usiku ni hatari. Mimi sitaenda, nawaogopa.

Kuhusu vibaka, sawa, wapo, silifichi hilo. Msiende peke yenu, msiende na njia isiyo na watu, muwe wawili watatu. Lakini kibaka anapenda giza zaidi kuliko anavyopenda baiskeli. Marufuku haimwondolei giza hata kidogo, inamletea watu wanaotembea polepole.

Tena tukumbuke sisi ni walimu wa kesho. Ajira zikitoka hatupangiwi wote mjini. Wengine tutapelekwa shule ambayo kutoka nyumba ya mwalimu mpaka darasani ni kilomita tano za vumbi, hakuna nguzo ya umeme wala lami. Mwanafunzi wa kidato cha pili atamwona mwalimu wake akirudi jioni kwa baiskeli. Atajifunza nini? Kung'ata simu?

Kwa hiyo badala ya marufuku napendekeza mambo matatu, yote yako mikononi mwetu. Moja, kila bweni tuchangishane tununue taa nyekundu za nyuma kwa jumla, bei itashuka. Mbili, asiye na taa asianze safari, na mwenye taa amsubiri mwenzake waongozane. Tatu, anayeuza simu yake ya zamani ili aongeze gia, aulizwe kwanza na washikaji zake: taa iko wapi?

Sisi Alhamisi tupo kama kawaida, saa mbili usiku, pale kwa mama ntilie. Kupanda kilima, kushuka kilima, chai ya tangawizi, kulala. Anayetaka kunipinga aje anipinge tukiwa juu ya pedali. Gia sio lazima. Bila taa tutakurudisha kulala, hata ukiwa na gia 27.

Ni hayo tu kwa leo. Alamsiki!