Ingawa na Lakini Katika Daftari Moja

BARUA YA TIMAU
Na Kawira Mutwiri

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniletea daftari la Kiingereza, uso umemshuka. Alikuwa ameandika: "Although it was raining, but we went to the shamba." Kalamu nyekundu imelikata neno "but" hadi karatasi ikatoboka, na pembeni pana neno moja tu: "Wrong."

"Aunti, kosa langu ni lipi? Si nimeunganisha?"

Ameunganisha, tena vizuri, kwa Kiswahili. "Ingawa mvua ilikuwa ikinyesha, lakini tulienda shambani." Maneno hayo husemwa kila siku sokoni na kanisani, na hakuna anayeguna. Ingawa hurusha, lakini hudaka. Kiingereza cha leo kinataka kiunganishi kimoja tu: ukianza na "although", koma inatosha, ukitaka "but", basi "although" iondoke. Wachina wanaojifunza Kiingereza huteleza papo hapo, maana lugha yao nayo huviweka viwili. Hata Kiingereza chenyewe kiliwahi kuvumilia jozi kama hiyo: fungua Biblia ya King James ya 1611 uone "though" ikijibiwa na "yet".

Hayo yangeandikwa pembeni mwa daftari, mtoto angeelewa. Kiswahili na Kiingereza hufunzwa asubuhi moja, na walimu wake hunywa chai katika ofisi moja, lakini darasani kila lugha hufundishwa kana kwamba nyingine haipo. Kisha mtihani wa KCSE ukifika, karatasi ya pili ya Kiingereza humtaka mtahiniwa aandike sentensi upya bila kubadilisha maana. Ataibadilishaje salama na hajui viungo vyake?

Chukua -ka-. "Niliamka, nikanawa, nikakamua ng'ombe, nikaenda shule." Uzi wa kushonea umo ndani ya kitenzi. Mtoto akihamia Kiingereza uzi anauacha nyuma: "I woke up, I washed, I milked the cow, I went to school." Mwalimu anaona uvivu. Mimi naona mtoto ambaye hajaambiwa kwamba huko uzi huuzwa kando, kwa jina la "and" au "then".

Linaloniumiza zaidi ni -ki-, kwa sababu hilo halikuishia darasani. Jirani yangu alitia sahihi karatasi ya kuuza minji. Aliyemsomea alimfasiria hivi: "Mzigo ukikubaliwa, utalipwa." Yeye akasikia kwamba kukubaliwa kupo, ni kungoja siku tu. Karatasi ilisema "if". Minji ikarudishwa, akawalisha ng'ombe. Aliyefasiri hakudanganya, -ki- hubeba "if" na "when" kwa mkono mmoja, na pale ilipasa kusema "iwapo" au "endapo".

Huku kwetu kaskazini mwa Mlima Kenya, kwenye mvua ya kubahatisha, kila mkulima anaijua tofauti hiyo moyoni hata kama hajui Kiingereza chake.

Basi nikamwambia mpwa wangu aandike kwanza kwa Kiswahili, apige mstari chini ya -ki-, ndipo achague. Akaandika: "Mvua ikinyesha wiki ijayo, baba atapanda viazi." Akainuka, akatoka nje, akautazama mlima kwa muda. Aliporudi aliandika "if".