Bao la Hyrax Hill Linatuitia Kazi

Wasee, kuna kazi ambayo shuleni hatukuwahi kuisikia: kubuni maonyesho ya makumbusho ambayo mgeni anayagusa, anayazungusha, anayachezea. Kuna kampuni za usanifu wa majengo zinazoifanya. Mmoja anachora ukuta, mwenzake anaamua mtoto wa darasa la nne akifika hapo atafanya nini.

Ukitoka Dundori kwenda tao na matatu ya kupitia Lanet, unapita karibu na Hyrax Hill. Wangapi wetu tumewahi kuingia? Mary Leakey alichimba pale 1937 na 1938, makumbusho ikafunguliwa 1965. Na kwa mwamba kuna bao, mashimo yamechongwa kwa jiwe lenyewe. Watu wa zamani walikaa hapo wakacheza. Mazee, hayo ndiyo maonyesho ya kushirikisha, na hakuna aliyengoja kufundishwa na mtu wa majuu.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Wanafunzi 40 wameshuka basi. Wote wakichezea lile jiwe kila siku, litalika. Ukiweka kamba na kibao cha "Usiguse", watapiga selfi waende. Utafanyaje? Unatengeneza bao la pili pembeni, la zege ama mbao, kimo ambacho mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wanafikia. Unaanza na katoni, unaita watoto wa mtaa, unaangalia wanakwama wapi, unarekebisha. Hapo kuna kazi ya fundi wa mbao, mchoraji, mwandishi na msee wa kompyuta.

Msiniambie ni ndoto. Kule Kinigi, Rwanda, kampasi ya Dian Fossey Gorilla Fund iliyofunguliwa 2022 ilisanifiwa na MASS Design Group, wenye ofisi Kigali, na ndani kuna maonyesho ya kushirikisha wageni. Hapa Kenya, Chao Tayiana na wenzake wamejenga upya kwa 3D kambi ambazo Waingereza walifungia watu wakati wa Mau Mau.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sitawadanganya: kujiita msanifu majengo Kenya lazima usajiliwe, na bila digrii mlango huo ni mgumu. Lakini timu ya maonyesho inahitaji pia mtu anayeweza kuonyesha kitu alichotengeneza. Blender ni ya bure. Katoni utaomba dukani.

2019 tulionyeshwa mchoro wa Ngaren, makumbusho ya binadamu aliyoitaka Richard Leakey hapa Bonde la Ufa. Msanifu alikuwa Daniel Libeskind, jina kubwa kutoka New York. Sina ubaya naye. Swali langu ni nani atakaa ndani aamue hadithi yetu inashikwa vipi kwa mkono.

Kwa hivyo kaunti na National Museums of Kenya, mkitoa zabuni ya maonyesho, andikeni humo nafasi za vijana wa hapa. Na nafasi ziwe za kulipwa. Kujitolea tumejitolea vya kutosha.