Sungura Mzee Asipandishwe

Sungura tunayemfuga kwa ajili ya watoto huweza kukaa nasi miaka mingi. Siku moja watoto husema, "Mama, tumtafutie dume azae." Tusikubali kabla ya kuhesabu umri wake.

Sungura jike akipita miaka 3, uzazi huwa na hatari. Kama hajawahi kuzaa, na amenenepa kwa kukaa bandani, mtoto aweza kukwama njiani. Aliyenenepa aweza pia kuacha kula siku za mwisho za mimba, akafa. Tena katika umri huo saratani ya mfuko wa uzazi huwapata majike wengi. Tukiona damu kwenye mkojo, tusipuuze.

Je, amekwisha kushika mimba? Tuhesabu siku 31. Tumpe majani makavu na maji tele, na siku ya 28 tumwekee sanduku la kuzalia. Akisukuma nusu saa bila mtoto kutoka, au akiacha kula, tumwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Watoto wakitaka vitoto, tuwatafutie jike kijana. Huyu mzee tumwache apumzike.