Saa Mbili Bila Simu Haziui Biashara

Muuzaji wa mtandaoni hana saa ya kufunga duka. Saa sita usiku mtu anauliza "bei gani?" na wewe unajibu ukiwa kitandani. Asubuhi umechoka, unamjibu mteja kwa hasira, naye harudi tena.

Maoni yangu: tafuta kitu usichoweza kukifanya huku umeshika simu. Judo, kwa mfano. Jigoro Kano aliianzisha Tokyo mwaka 1882, na mpaka leo mwanafunzi mpya anafundishwa kwanza kuanguka bila kuumia. Muuzaji aliyerudishiwa mzigo analihitaji sana somo hilo. Au jifunze kupiga udi, kama wanavyofundisha Dhow Countries Music Academy pale Zanzibar. Mikono yote miwili ina kazi, simu utaishika na nini?

Ila usikigeuze nacho kuwa biashara. Watakwambia "fungua chaneli, uza mafunzo." Kataa. Angalau kitu kimoja maishani mwako kisiwe na bei.

Weka ujumbe wa kujijibu wenyewe kwenye WhatsApp Business: "Nitakujibu saa mbili usiku." Mteja mwenye nia atasubiri.

Wewe jioni zako unazitumiaje?