Huyo mtu wa kwenye mabano ana jina

Haya wasomaji wangu, najua nimekuwa kimya wiki mbili hivi, kozi weki zilinibana kweli kweli. Leo sina habari za foleni ya kafeteria wala za bumu kuchelewa. Leo nina ugomvi.

Nagombana na watu wa aina moja: wale wanaokesha hosteli wakitazama katuni za Kijapani, wanajua jina la kila mhusika na nani kampiga nani, halafu ukiwauliza ile mbingu kachora nani, ule mti, ile njia ya vumbi, wanakuangalia kama umeuliza nani kashona pazia. "Si picha za nyuma tu hizo?" Eti tu! Na siku hizi wameongeza lingine: hizo za nyuma waachiwe akili mnemba, binadamu abaki na mambo ya maana.

Hebu tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaisema bila kuijua. Katika filamu hizi mhusika na mahali alipo huchorwa na watu tofauti. Zamani mhusika alipakwa rangi kwenye karatasi za plastiki zinazoona ng'ambo, nyingi, moja baada ya nyingine, ili aonekane anasogea. Mahali palichorwa kwenye karatasi ya kawaida kwa brashi. Plastiki inalazwa juu ya karatasi, kamera inapiga. Basi mchoraji wa mandhari anapokea mchoro wa penseli wenye mpangilio wa shoti, analoanisha karatasi kwa maji, anaweka mbingu wakati karatasi bado mbichi ili mawingu yayeyukiane, halafu vilima vya mbali, halafu anasogea karibu mpaka anafika kwenye jani moja moja. Na rangi zenyewe wala si za kifalme, ni zile za maji za kuchorea mabango. Akimaliza, jasho lake unaliona sekunde nne, shoti inabadilika.

Msiniambie hayo ni ya kale. Plastiki ndizo zilizopitwa na wakati. Studio ya Ghibli ilihamia kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini kupaka mandhari kwa mkono hawakuacha, karatasi inapitishwa kwenye skana basi. The Boy and the Heron ya 2023, iliyobeba Oscar mwaka 2024, ina mandhari za mkono chini ya mkurugenzi wa sanaa Yoji Takeshige.

Sasa njoo kwa mtu wangu, Kazuo Oga. Amezaliwa 1952 huko Akita, kaskazini mwa Japani, mkoa wa mashamba ya mpunga. Ndiye mkurugenzi wa sanaa wa My Neighbor Totoro ya 1988. Wewe ukisikia Totoro unaona lile dude la manyoya, sivyo? Kaa uhesabu basi. Filamu ina dakika 86, na dude lenyewe linaonekana kidogo tu. Muda uliobaki wote unatazama nini? Nyasi. Matuta ya shamba. Kivuli cha majani kwenye ukuta wa nyumba ya mbao. Kijani cha asubuhi ambacho si kijani cha saa kumi na moja jioni, na kile cha kabla ya mvua nacho ni kingine kabisa. Ondoa hayo, umebaki na watoto wawili wanaokimbia kwenye karatasi nyeupe. (Nizo Yamamoto, aliyefariki 2023, ndiye alisimamia mandhari za Grave of the Fireflies, iliyotoka siku moja na Totoro. Nawataja makusudi, nitaendelea kuwataja.)

Vilima vya Sayama, karibu na Tokyo, ni kati ya sehemu zilizoizaa ile filamu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wamekuwa wakichangishana fedha kununua misitu ya huko kipande kwa kipande isije ikajengwa, na wanaiita Misitu ya Totoro. Vipande vimeshapita hamsini. Watu wanatoa hela zao kuokoa miti, halafu wewe unaniambia miti ni pambo?

Kama Totoro haijakutosha, tazama Only Yesterday ya 1991, Oga tena. Taeko, dada wa miaka 27, mwaka 1982 anasafiri kwenda shamba huko Yamagata, njiani anakumbuka alipokuwa darasa la tano mwaka 1966. Sehemu za 1982 zimechorwa zikajaa: ukungu wa alfajiri, maua ya manjano shamba zima. Sehemu za utoto zimepauka, pembeni rangi inaishia kwenye weupe, kama kumbukumbu inavyopotea kingo. Hakuna mtu anayesema "sasa nakumbuka" kila dakika. Mandhari ndiyo inasimulia!

Ndiyo maana habari ya 2023 iliniuma. Januari mwaka huo Netflix ya Japani ilitoa filamu fupi ya dakika tatu, The Dog & The Boy, mandhari zake zikiwa zimetengenezwa kwa akili mnemba. Mtu alianza na mchoro wa mkono, mashine ikazalisha, mtu akarekebisha mwishoni. Majina yalipopanda, kwenye nafasi ya mbunifu wa mandhari waliandika AI, halafu ndani ya mabano alama ya kujumlisha na neno "binadamu". Jina hakuna. Watu walilalamika sana, na haki yao. Sababu waliyotoa? Upungufu wa wafanyakazi.

Jamani, sisi tunaosoma ualimu tunalijua hilo neno. Shule zina upungufu wa walimu, na mtaani wamejaa wahitimu wa ualimu wanaosubiri ajira. Ukisikia upungufu, uliza kwanza wanalipa nini. Malipo ya vijana wanaoanza kwenye anime ni kilio cha miaka mingi, kila mtu kwenye tasnia anakijua. Huwezi kumlipa mtu kiduchu mpaka akimbie, kisha utangaze kwamba ameadimika.

Mshikaji wangu wa chumbani, anayesoma mambo ya kompyuta, ananiambia nina wivu tu: kama jicho halioni tofauti, kosa liko wapi? Bwana, mashine hiyo imefunzwa kwa picha zilizochorwa na watu. Machi 2025 nusu ya kampasi iligeuza picha zao kuwa "za Ghibli" kwenye simu, na kijani kilikuwepo, kizuri tu. Kilikuwa kijani cha nani? Kuna mtu alisimama kwenye matope akakiangalia miaka na miaka. Na kama anayeanza leo hapewi majani ya kuchora, baada ya miaka ishirini mashine itamwiga nani? Hapo mshikaji alinyamaza, akasema ana tesiti.

Ijumaa saa mbili usiku naonyesha Only Yesterday kwenye laptop yangu, umeme ukiwepo. Njooni na karanga. Majina yakianza kupanda, atakayegusa kitufe cha kuzima alale nje.