Tandiko Kwanza, Punda Baadaye



Wiki mbili hizi mazungumzo yetu yote ni punda. Dada yetu mmoja aliyeolewa Kyela, upande wa Matema, ameomba yeye na jirani zake wanne wachangiwe punda wawili wa kubebea mizigo. Mashaallah, watu wametoa. Kuna waliotoa kwa niaba ya wazee wao waliotangulia, na kuna waliokwishaanza kuchagua shanga za kumvalisha mnyama shingoni. Sisi tumechanga na tunaendelea kuchanga. Lakini tuna neno moja, na tunalisema mapema kabla pesa haijaondoka: punda asinunuliwe kabla ya tandiko lake. Na kama pesa haitoshi viwili, basi punda asubiri.

Kwa wasioijua Kyela, ule mchele wa Mbeya unaonukia mnaoupikia pilau ya sikukuu, sifa yake kubwa imetoka huko. Iko kusini kabisa ya mkoa wa Mbeya, pale Ziwa Nyasa linapoishia kwa kaskazini. Chini ni tambarare ya mpunga na kokoa. Ukifika Matema, milima ya Livingstone imesimama juu ya maji kama ukuta. Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wa vyungu, huvileta Matema kwa mtumbwi. Kutoka hapo kwenda juu au bara ni kichwa cha mwanamke. Maji kichwani, kuni kichwani, mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni.

Kwa hiyo ombi lao si anasa, wala si jambo geni kwa nchi ile. Nyuma ya milima hiyo hiyo kuna Makete. Mwaka 1985 ulianza mradi wa usafiri wa vijijini huko, ukisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani kwa fedha za Uswisi. Walipochunguza, waliona kwamba mizigo mingi ya familia haipiti hata kwenye barabara kuu. Inazunguka humo humo kijijini, baina ya nyumba, shamba, mto na mashine ya kusaga, na wanaoibeba zaidi ni wanawake. Miongoni mwa majibu yao ilikuwa kutengeneza njia za miguu na kuleta punda. Tunalipenda jibu lile kwa sababu lilianza na kichwa na shingo ya mwanamke, halikuanza na gari.

Sasa, punda gani? Bibi zetu wa Unguja walikuwa na majina mawili. Kulikuwa na punda wa Maskati, mweupe, mrefu, wa kupanda mwenye nafasi yake. Na kulikuwa na kiongwe, punda wa bara, mdogo, wa kijivu, mwenye mstari mweusi unaokata mabegani kama msalaba. Kiongwe alisifika kwa ukaidi. Sisi tunadhani sehemu ya ukaidi ule ilikuwa maumivu tu, maana hakuna aliyemuuliza mgongo unamuuma wapi. Huyo kiongwe ndiye tunayemtaka Kyela. Hala sana, amezoea jua, na urefu wake unamruhusu mwanamke kumpakia mzigo bila kuita kijana wa kumsaidia.

Tuje kwenye tandiko, maana hapa ndipo watu wanapopapita haraka. Wengi wanadhani ukitupa gunia tupu juu ya mgongo na kufunga kamba umemaliza. Angalieni mgongo wa punda kwa mbele: katikati umepita uti, ngozi juu ya mfupa, hapana nyama. Mzigo ukikaa juu ya mfupa ule, siku tatu unapata kidonda, na kidonda cha pale hakiponi kama kila asubuhi unakirudishia mzigo. Tandiko linalofaa ni mito miwili minene, mmoja kila upande wa uti, iliyounganishwa kwa juu ili katikati pabaki mfereji wazi. Ukiliweka mgongoni uweze kupenyeza vidole chini yake kutoka mbele hadi nyuma na kuona mwanga upande wa pili. Ndani lijazwe majani makavu ya mpunga, ambayo Kyela ni ya bure baada ya mavuno, na yabadilishwe yakishalala. Upande unaogusa ngozi uwe kitambaa cha pamba kilichofuliwa. Mfuko wa plastiki usitumike hata kidogo. Jasho halina pa kwenda, ngozi inachemka.

Mkanda wa tumbo uwe mpana kama kiganja, usiwe kamba. Kamba ya katani au nailoni inakata kwapani kama msumeno. Na kwa Matema kuna mikanda miwili mingine ambayo mtu wa tambarare angeisahau. Wa kifua huzuia tandiko lisirudi nyuma anapopanda mlima. Ule unaopita nyuma ya mapaja hulizuia lisimwagikie shingoni anaposhuka. Bila huo wa nyuma, mnyama anashuka kilima na mzigo wote umemwangukia mabegani, halafu watu wanasema amegoma. Kichwani inatosha hatamu ya kamba laini. Lijamu la waya mdomoni hatulitaki, na mtu akileta hoja kwamba bila lijamu punda hamsikii, basi huyo punda si wa kumuuzia mwanamke anayeanza.

Jambo jingine. Kyela kuna ng'ombe wa kukokota, na nira zao zipo kila mji. Siku moja mtu ataona punda amesimama bure, atamtia nira ya ng'ombe avute mkokoteni. Ng'ombe anasukuma nira kwa nundu na shingo yake nene. Punda hana vitu hivyo. Yeye huvuta kwa kifua, na anahitaji mkanda wa kifua ulioshonwa kwa kazi hiyo. Waambieni wanaume wa nyumba mapema.

Juu ya tandiko ndipo linapokuja shogi, lile pakacha kubwa la ukili lenye midomo miwili ambalo wazee wetu walilining'iniza pande zote mbili za punda. Kazi hii wanawake wa visiwa tunaijua. Hatuoni kwa nini tununue mifuko ya turubai huko wakati Pemba kuna mikono inayosuka ukili usiku na mchana kwa bei ya chini. Shogi hulazimisha mzigo kugawika sawa, na chungu cha Ikombe kilichozungushiwa majani kinafika kizima. Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi, na mzigo wa kiasi ni thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50. Madumu mawili ya maji ya lita 20, moja kulia moja kushoto, ni mzigo mwema. Gunia la lumbesa si mzigo wa punda mmoja, hata kama aliyelipakia ameona amesimama nalo. Punda husimama na mengi. Hana desturi ya kulia anapoumia, na hiyo ndiyo hatari yake.

Dada mmoja alitujibu kwamba tunakuza mambo, punda ni punda. Hatukubaliani naye. Katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu amemtaja punda kwa jina pamoja na farasi na nyumbu, kipando na pambo. Mtume wetu, sallallahu alayhi wa sallam, alipanda punda, na akampakia Muadh nyuma yake. Alipomwona punda aliyechomwa alama usoni alimlaani aliyefanya vile. Na katika Abu Daud kuna habari ya Anas ambayo kila tukiisoma inatusimamisha: kwamba wao wakishuka safarini hawakuwa wakisali mpaka kwanza wamefungua mizigo migongoni mwa wanyama wao. Sala ilingoja. Tena humo humo tumekatazwa kuigeuza migongo ya wanyama kuwa mimbari, yaani kukaa juu yao tukipiga soga. Mtu aliyesimama njiani Matema kuulizana hali, na Wanyakyusa kwa kuulizana hali hawana haraka, ashushe mzigo kwanza. Jirani zetu Wakristo, ambao ndio wengi kule, wana kisa chao cha Balaamu aliyempiga punda wake mara tatu, na punda ndiye aliyekuwa anaona njia. Hapa hatutagombana.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu, nalo ni la hali ya hewa. Punda ni kiumbe cha nchi kavu. Manyoya yake hayazuii maji, na kwato zake zikikaa kwenye tope huoza. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na masika mito hufurika. Kwa hiyo maoni yetu ni kwamba anayeishi katikati ya majaruba asichukue punda. Baiskeli na ng'ombe vinamtosha. Hawa dada watano wanakaa kwenye mwinuko, njia zao ni za mawe, ndiyo maana tumekubali. Hata hivyo banda lijengwe kabla, lenye paa na sakafu iliyoinuliwa, mahali ambapo maji hayasimami. Atafutwe mapema mtu wa kukata kwato kila wiki sita hadi nane, na afisa mifugo wa kata aulizwe kuhusu minyoo, mbung'o na chanjo ya pepopunda. Ugonjwa ule umebeba jina la mnyama huyu, na kweli humpata upesi kupitia kijeraha kidogo cha kwato au cha mkanda mbaya.

Atanunuliwa kwa wafugaji wa nyanda kavu, Dodoma au Singida, akiwa amefika miaka minne. Meno yatazamwe, na mgongo upapaswe kwa kiganja. Penye nywele nyeupe mgongoni palishawahi kuwa na kidonda. Wawe wawili kama ilivyopangwa, kwa sababu punda wa peke yake hunyong'onyea. Na walale ndani. Biashara ya ngozi ya punda kwenda China imewafanya wezi wamtazame mnyama huyu kwa jicho jingine. Kenya sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi, ya mwaka 2019 ikakuta milioni 1.2. Mwezi wa Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo kwa miaka 15, lakini kitasa cha banda ni chenu wenyewe.

La mwisho ni la umiliki, na hapa hatutaki aibu ituzuie kusema. Baiskeli ziliingia vijijini zikawa za baba, na mama akabaki na ndoo yake kichwani. Punda naye, akionekana ana faida, atakodishwa kubeba matofali, na pesa itakwenda njia nyingine. Basi tunataka karatasi iandikwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yenye majina ya wanawake wote watano, na iseme siku za kila mmoja, siku ya mapumziko, na kwamba hakuna anayekodisha bila wenzake kuridhia. Tandiko liandikwe humo pia, kwa kuwa mwenye kulitunza tandiko ndiye mwenye kuamua punda anatoka au hatoki. Punda jike hubeba mimba miezi kumi na miwili, kwa hiyo wanunuliwe majike, na miezi ya mwisho ya mimba asipakiwe. Mtoto wa kwanza akiachishwa ziwa apewe jirani wa sita, yule mjane wa nyumba ya juu kabisa, ambaye dada yetu alimtaja kwenye barua yake ya mwanzo na ambaye hakuna aliyemuulizia tangu siku ile.